Hema la Kuogea Kambini: Anza na Maji, Kisha Chagua Hema

Kwenye tangazo, hema la kuogea husimama wima juu ya nyasi, upepo umetulia, ndani hamna mtu na juu hapajatundikwa kitu. Mnunuzi analinganisha rangi, urefu na bei, anachukua. Akifika kambini na kutundika mfuko wa maji, paa linabonyea, zipu inakwama, na maji ya sabuni yanatuama miguuni kwa kukosa pa kutokea.

Tunashauri uanze na maswali matatu kabla ya kuangalia hema lolote: maji ya kuoga yatakaa wapi, yatafikaje kichwani, na yakishatumika yatatokaje. Ukiyajibu, mahema mengi yatajiondoa yenyewe kwenye orodha yako, na yatakayobaki utayapima kwa haki.

Nani atabeba maji?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mfuko wa kuogea uliozoeleka ni wa lita 20, kwa hiyo ukijazwa ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye urefu wa mita mbili. Hema linalojifungua lenyewe, lile la waya wa springi uliopitishwa ndani ya mapindo, halikuundwa kwa mzigo huo. Waya ule kazi yake ni kukinyoosha kitambaa, basi. Kitanzi kilichoshonwa katikati ya paa ni cha taa. Ukikitundikia mfuko uliojaa, kuta zinaingia ndani, mlango unapinda hadi zipu haifungiki, na mwishowe mshono wa paa unaachia.

Ukitaka mfuko ukae ndani ya hema, tafuta lenye nguzo za chuma au za alumini nene, na ambalo mtengenezaji ameandika wazi uzito linaoweza kubeba. Palipoandikwa lita 10, jaza lita 8. Pasipoandikwa kitu, chukulia kwamba halibebi. Nguzo za faibaglasi huvumilia mzigo mdogo, lakini zikizidiwa hupasuka kwa urefu pale vipande vinapoungana, na vibanzi vyake huingia mikononi wakati wa kukunja.

Njia ya pili ni kuutundika mfuko nje ya hema, kwenye tawi bichi lenye unene wa mkono, kwenye keria ya gari au kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, kisha kupenyeza mpira wa maji paani. Hapo hakikisha hema lina pa kuupitishia mpira huo. Mengine yana paa la wavu au la kufungua kwa zipu, mengine yamezibwa kabisa. Kumbuka pia kwamba maji hayo hushuka kwa uzito wake tu. Kila mita moja ya tofauti ya kimo huleta shinikizo la bar 0.1, ambalo ni dogo sana. Mfuko uliolazwa juu ya gari lenye kimo cha mita 1.8 hautatoa kitu cha maana kwenye shawa iliyo mita 1.7. Ishushe shawa hadi kifuani, maji yatatiririka.

Njia ya tatu, ambayo kwa wengi tunaiona bora, ni pampu ndogo ya kuchaji inayozamishwa ndani ya ndoo. Mzigo wote unabaki chini, na hema linashikilia kichwa cha shawa peke yake. Hapo hata hema jepesi la waya linatosha. Pampu nyingi za aina hii hutoa lita 2 hadi 4 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ya lita 10 ukiiachia bila kuzima huisha ndani ya dakika 2.5 hadi 5. Kinachoziharibu zaidi ni mchanga: pampu ikilala kwenye sakafu ya ndoo iliyojazwa mtoni, hufyonza matope hadi chujio linaziba na maji yanakuwa ya kudondoka. Chuja maji kwa kitambaa kabla ya kuyamimina, na ining'inize pampu sentimita chache juu ya sakafu ya ndoo. Usiizamishe kwenye maji yaliyotoka kuchemka. Changanya kwanza, kisha izamishe.

Ndoo na kopo navyo ni mpango kamili, wala si wa kuonea haya. Ila hubadilisha vipimo vya hema. Anayeoga kwa kopo huinama na kuinuka, na ndoo yenyewe inachukua kama sentimita 30 za sakafu. Kwake upana una thamani kuliko kimo.

Kuhusu kiasi, panga lita 5 hadi 8 kwa mtu mzima anayefunga koki wakati wa kujipaka sabuni, na lita 10 hadi 12 kwa mwenye nywele ndefu atakayeziosha. Shawa isiyo na koki ya karibu na mkono hupoteza maji mengi kuliko kasoro nyingine yoyote, kwa hiyo ikague hiyo kabla ya mapambo mengine yote.

Kupata maji ya uvuguvugu hakuhitaji mtambo. Lita 7.5 za maji ya nyuzi 20 za sentigredi ukizichanganya na lita 2.5 zilizotoka kuchemka, utapata lita 10 za karibu nyuzi 39, joto linalowafaa watu wengi. Tangulia kumimina ya baridi, kisha ya moto. Mfuko mweusi wa kupashwa na jua ulazwe bapa, upande unaopitisha mwanga ukiwa juu, kwa takriban saa tatu za jua kali. Usiudharau: kwenye jua la mchana maji yake yanaweza kupita nyuzi 50, na joto hilo huunguza ngozi, hasa ya mtoto. Yajaribu kwa upande wa ndani wa kiwiko kabla ya mtu yeyote kuingia.

Kuna jambo moja hapa lisilo na mjadala. Hita ya gesi, jiko la mkaa au kitu chochote kinachowaka hakiingii ndani ya hema la kuogea, hata kwa dakika mbili, hata mlango ukiwa wazi. Moto huo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha mita moja kwa mita moja hujaa upesi. Hita ikae nje, mbali na kitambaa, na mpira wa maji ndio uingie.

Fremu na namna ya kulikunja

Mahema ya waya wa springi ni mepesi, kwa kawaida kilo 1.5 hadi 3, na husimama ndani ya sekunde chache. Likikunjwa huwa duara bapa la kipenyo cha sentimita 55 hadi 80. Duara hilo haliingii kwenye begi la mgongoni, na kwenye buti dogo la gari linasumbua. Pima buti kwanza.

Tatizo lake kubwa ni kulikunja tena, na wengi huishia kuupinda waya kwa nguvu hadi ukaharibika. Fanya hivi. Fungua zipu zote, pamoja na za madirisha, ili hewa itoke. Zilaze kuta zote pamoja ziwe bamba moja refu. Lisimamishe bamba, shika ncha ya juu, iinamishe kuelekea chini huku ukiizungusha kwa ndani hadi waya ufanye umbo la namba 8. Hapo duara la juu litataka kuangukia la chini lenyewe. Liache lianguke, bana, funga mkanda. Mkono ukihisi waya unakataa, unazungusha upande usiofaa, kwa hiyo rudi hatua moja badala ya kulazimisha. Zoeza mikono nyumbani mara tatu au nne, mahali pa wazi. Watoto wasogee, kwa sababu waya ukichoropoka huruka usawa wa uso.

Mahema ya nguzo huchukua dakika 10 hadi 15 kusimamisha, yana kilo 4 hadi 7, na hukunjwa yakawa kifurushi chembamba. Husimama imara zaidi na nguzo moja ikivunjika unabadilisha hiyo hiyo, ilhali waya wa springi ukikatika hema zima limekwisha. Yapo pia ya fremu ya kuvuta na kubana yenye viungo vilivyokwishaunganishwa. Ni imara na ya haraka, lakini ni mazito, na kiungo cha plastiki cha katikati kikipasuka ni vigumu kupata kingine. Kwa anayekaa sehemu moja siku nyingi, nguzo. Kwa anayehama kila siku kwa gari, waya. Anayetembea kwa miguu asibebe lolote kati ya haya: duara jepesi la kutundika tawini lenye pazia lililozunguka litamtosha.

Vipimo vinavyokubalika

Vipimo vya kwenye boksi hupimwa kwenye sakafu, mahali ambapo mwili hauhitaji nafasi. Kiwiko ndicho kinachohitaji. Ukiinua mikono kuosha nywele, viwiko vyako hutanuka kufikia karibu sentimita 90, na kitambaa kilicholowa hunata mwilini kikiguswa. Hema la sentimita 90 kwa 90 litakukera kila siku. Sentimita 110 hadi 120 kila upande ni kiasi cha heshima. Mwenye mtoto wa kuogeshwa, au mzee anayeoga akiwa amekaa kwenye kigoda, asishuke chini ya 120.

Kwa kimo, chukua kimo cha mtu mrefu zaidi katika kundi lenu, ongeza sentimita 25. Angalia pia kama kuta zinasimama wima au zinaegemea ndani kuelekea juu. Hema lenye kimo cha mita 2.1 lakini lililochongoka paani linaweza kuwa na upana wa sentimita 70 tu usawa wa mabega. Kama duka lina la maonyesho, ingia, funga zipu, inua mikono, inama uguse vidole vya miguu. Majaribio hayo mawili yanakuambia kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.

Ya vyumba viwili, kimoja cha kuogea na kingine cha kuvalia, ni raha kwa familia kwa sababu nguo hubaki kavu. Lakini yana eneo kubwa la kusukumwa na upepo, na yanahitaji ardhi bapa ya karibu mita 2.4 kwa 1.2. Usinunue kama mara nyingi mnapiga kambi kwenye miteremko.

Kitambaa, na kivuli cha usiku

Mengi yameshonwa kwa poliesta. Utakuta alama kama 190T au 210D. Yenye T huhesabu nyuzi kwenye inchi moja ya mraba, yenye D huonyesha unene wa uzi mmoja, kwa hiyo haimaanishi kwamba 210D inaizidi 190T kwa ishirini. Kwa ujumla kitambaa kinachouzwa kwa alama ya 210D ni kinene na hustahimili msuguano. Namba za milimita za kuzuia mvua zisikuumize kichwa, maana humu ndani unakuja kulowa.

Kinachostahili kuhangaikiwa ni faragha. Mchana, nje kukiwa na mwanga kuliko ndani, karibu kitambaa chochote kinaficha. Usiku mambo hugeuka: taa iko ndani, giza liko nje, na kuta nyeupe au za rangi ya mpauko huonyesha umbo lote la anayeoga. Jaribu hivi: kwenye chumba chenye giza, washa tochi ya simu nyuma ya kitambaa, weka kiganja kati ya tochi na kitambaa, kisha tazama kwa upande wa pili. Ukiweza kuhesabu vidole, walioko nje wataona kila kitu. Chagua rangi iliyokolea au kitambaa chenye mpako mweusi au wa fedha kwa ndani. Hata hivyo itundike taa juu kabisa, katikati ya paa, ili kivuli kiangukie sakafuni. Taa iliyowekwa chini pembeni hukirusha kivuli ukutani kikiwa kikubwa kuliko mwenyewe.

Dirisha la wavu liwepo juu na pengine pa kuingizia hewa pawepo chini. Bila hivyo mvuke unageuka matone kwenye paa na kukudondokea ukiwa umeshajifuta.

Sakafu

Hapa ndipo tunapotofautiana na matangazo mengi. Sakafu iliyoshonwa kuzunguka pande zote huonekana safi, lakini ni beseni. Tundu lake la kutolea maji, mara nyingi la sentimita chache tu, huzibwa na nywele na majani, na likiwa upande wa juu wa mteremko halifanyi kazi yoyote. Kama umelipenda hema la namna hiyo, mimina kopo moja la maji sakafuni kabla ya kupigilia vigingi, uone yanaelekea wapi, kisha lizungushe hadi tundu liwe upande wa chini.

Hema lisilo na sakafu, au lenye sakafu ya kuvua, ni bora zaidi. Maji yanazama ardhini papo hapo. Linahitaji kitu cha kukanyagia, kwa sababu udongo mtupu hugeuka tope mara mtu wa pili anapoingia: chaga ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, au mkeka wa plastiki wenye matundu. Mbao ziwe na mapengo ya sentimita moja hadi mbili na zisipigwe rangi ya kung'aa, maana ikichanganyika na sabuni huteleza vibaya. Angalia pia upindo wa chini wa kuta. Ukibaki wazi sentimita 10 kutoka ardhini, baridi itaingia miguuni. Ukigusa ardhi kabisa, utakusanya matope. Sentimita 3 hadi 5 panatosha.

Upepo

Hema la kuogea ni refu na jembamba, halina mtu aliyelala ndani wa kulikalia, na ndilo la kwanza kuanguka kambini. Ukuta wa mita 1.2 kwa mita 2 una mita za mraba 2.4. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 17, na kasi ikiwa maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne.

Kwa hiyo hesabu vitanzi vya kamba. Viwe vinne kwenye pembe za juu, siyo chini tu. Mahema ya bei ndogo huja na vigingi vya waya vya sentimita 18 hivi, ambavyo kwenye udongo laini hung'oka kwa mkono. Nunua vya sentimita 25 hadi 30 vyenye umbo la V au Y. Vipigilie vichwa vikiwa vimeinama kwa upande wa mbali na hema, kamba ikivuta kwa pembe ya karibu nyuzi 45, na uzifunge kamba vitambaa vya rangi ili mtu asijikwae gizani. Kwenye mchanga kigingi hakishiki: jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uzike kwa kina cha sentimita 30 au zaidi. Kwenye mwamba tumia madumu ya maji yaliyojaa, moja kila pembe. Chupa ndogo za lita 1.5 zinazopendekezwa mara nyingi ni kilo moja na nusu tu, hazizuii kitu.

Upepo ukizidi, lilaze hema. Kulisimamisha tena ni kazi ya dakika chache. Waya uliokwishapinda haunyooki.

Zipu na vidogo vingine

Zipu iwe nene, yenye vichwa viwili vinavyovutwa kutoka ndani na nje. Funga kipande cha kamba kwenye kila kichwa, kwa sababu mikono yenye sabuni haishiki chuma kidogo. Ikianza kugoma, mara nyingi ni mchanga: suuza, piga brashi, paka sabuni kavu ya mche kwenye meno yake. Mifuko ya ndani iwe juu ya kiuno, na kamba ya taulo iwe upande wa mlango, mbali na shawa.

Mahali pa kulisimika

Weka hema angalau mita 60 kutoka mtoni, ziwani au kisimani. Hata sabuni inayoitwa rafiki kwa mazingira inahitaji udongo na vijidudu vyake ili ioze, na ikiingia moja kwa moja kwenye maji huwadhuru viumbe waliomo. Watu watano wakitumia lita 8 kila mmoja ni lita 40 kwa siku mahali pamoja, kwa hiyo kwenye kambi ya siku nyingi lihamishe hema kila baada ya siku mbili au tatu, kabla udongo haujashiba na kuanza kunuka. Chagua ardhi yenye changarawe au nyasi fupi, yenye mteremko mdogo wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, unaoelekea mbali na mahema ya kulala na jiko. Mlango uupe upepo mgongo.

Wengine hutaka hema hilo hilo liwe pia choo. Usiunganishe shughuli hizi mbili juu ya ardhi moja, maana maji ya kuoga yatasambaza uchafu hadi miguuni. Kama lazima liwe moja, libebeni mlihamishie sehemu nyingine kwa ajili ya choo.

Kulikausha

Mahema haya hufa kwa kukunjwa yakiwa mabichi kuliko kwa kuchanika. Ukungu huanza kwenye mishono, na mpako wa ndani ukikaa na unyevu muda mrefu huanza kunata na kubanduka. Asubuhi ya kuondoka, suuza kuta kwa maji yasiyo na sabuni, futa kwa kitambaa, fungua kila zipu, liache kwenye upepo. Ikibidi kulikunja likiwa bichi, lifungue tena nyumbani ndani ya siku moja. Usilitie kwenye mashine ya kufulia. Mfuko wa maji na mpira wake vimwagwe hadi tone la mwisho na vitundikwe koki ikiwa wazi, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yaliyotuama hulea vijidudu. Maji ya mfuko huo hayanywewi.

Kwa hema la waya kagua pia mahali ncha mbili za waya zinapokutana, ambapo utapapasa kijibomba kigumu ndani ya upindo. Maji huingia hapo na kutu huanzia hapo. Ukiona doa la kahawia kwenye kitambaa, fumua sentimita chache za mshono, kausha, sugua kutu kwa msasa mwembamba, paka mafuta kidogo, zungushia utepe wa kuzuia maji, kisha shona tena. Fanya hivyo mapema, kabla ncha haijatoboa kitambaa.